Ngazi ya Mbao Yenye Kona Inalia, Inatikisika au Inakwaza: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Nyundo

Ngazi iliyonyooka huvumilia makosa madogo. Ngazi inayokata kona haivumilii, kwa sababu pale konani vipandio vitatu, ubavu wa chini na ubavu wa juu vyote vinaegemea nguzo moja. Nguzo ikisogea milimita 2, kipandio cha juu kinaanza kulia, reli inalegea, pengo linafunguka ukutani, na fundi anaitwa aje kuziba pengo. Pengo linazibwa, kelele inabaki pale pale. Ndiyo maana naanza na dalili ambazo watu huzilalamikia mara kwa mara, lakini kila mara nitakurudisha kwenye nguzo, kwenye unyevu wa mbao na kwenye mchoro wa kwanza kabisa. Huko ndiko matatizo mengi ya ngazi hizi yanakozaliwa.

Tukubaliane kwanza majina. Kipandio ni ubao wa kukanyagia. Pua ni ukingo wake wa mbele unaochomoza. Ubao wa wima ni ule unaoziba nafasi kati ya kipandio na kipandio. Mbavu ni mbao mbili ndefu za pembeni zinazobeba vipandio, na nguzo ya kona ni ile ambayo ngazi inaizunguka. Vipandio vya kona ni vyembamba upande wa nguzo na vipana upande wa ukuta. Kona ya nyuzi 90 kwa kawaida ina vitatu, kila kimoja nyuzi 30, na cha kati kina umbo la tiara kwa kuwa kinaingia kwenye pembe ya kuta mbili.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: chaki, tochi, tepu, pimamaji ndefu, ubao ulionyooka wa mita 2, kipima unyevu ukikipata, na mtu wa pili. Huyo mtu wa pili usimwache. Huwezi kukanyaga juu na kushika kiungo chini kwa wakati mmoja.

Dalili: ngazi inalia unapokanyaga

Mbao hailii yenyewe. Kuna vipande viwili vinavyosuguana, au ubao unapanda na kushuka kwenye msumari uliolegea. Kazi yako ni kujua vipande hivyo ni vipi. Mwenzako apande polepole, na kwenye kila kipandio cha kona akanyage sehemu nne: mbele, nyuma, upande mwembamba na upande mpana. Wewe kaa chini ya ngazi, weka vidole kwenye kiungo, nusu juu ya ubao mmoja na nusu juu ya mwingine. Vidole husikia mwendo kabla ya masikio, na sauti ndani ya ngazi hudanganya sana, kwani ubavu mmoja mrefu unaweza kuibeba kutoka konani hadi kipandio cha kwanza. Kila kiungo kinachosogea kitie chaki. Usirekebishe chochote mpaka umemaliza ngazi nzima.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kipandio kuachana na ubao wa wima ulio nyuma yake. Kwenye kipandio cha kona kiungo hicho ni kirefu, na mara nyingi fundi ameweka skurubu mbili tu kama kwenye kipandio cha kawaida. Tiba yake ikiwa unafika chini: safisha kiungo, ingiza gundi, kisha funga skurubu kutokea nyuma ya ubao wa wima kuingia kwenye ukingo wa kipandio, moja kila milimita 150 hadi 200. Toboa kwanza kwa keekee. Skurubu isiyotobolewa njia hupasua ukingo au husukuma mbao mbili mbali badala ya kuzivuta pamoja.

Chanzo cha pili ni kabari zilizolegea. Ikiwa mbavu zako zimechongwa mifuo ya kupokea vipandio, kila kipandio kimebanwa kwa kabari kutoka chini. Kwenye kona, mfuo wa upande wa ukuta ni mrefu kuliko wa kawaida, na kabari fupi iliyokatwa kwa ajili ya vipandio vilivyonyooka haibani urefu wote. Hapa watu wengi huchukua nyundo na kugonga kabari ya zamani iingie zaidi. Hiyo hunyamazisha ngazi kwa siku chache tu, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Ing'oe kabari, kwangua mfuo kwa patasi hadi uone mbao safi, kata kabari mpya ndefu ya mbao kavu, paka gundi pande zote mbili, igonge mpaka mlio wa nyundo ubadilike kuwa mzito, kisha uache. Ukizidisha unapasua mdomo wa mfuo.

Baada ya hapo angalia vile vipande vya pembe tatu vilivyogundishwa kwenye kona ya chini kati ya kipandio na ubao wa wima. Vikianguka, virudishe kwa gundi baada ya kukwangua, na kwenye kipandio cha tiara ongeza viwili zaidi ya vilivyokuwepo.

Visababishi viwili vya mwisho ni nadra kidogo ila ni vizito zaidi. Cha kwanza ni ubavu wa ukutani ambao haujafungwa ukutani, nacho utakijua ukiona ubavu wenyewe ukisogea mtu anapokanyaga upande mpana. Ufunge kwa skurubu na plagi za ukutani, lakini kabla ya kutoboa hakikisha hakuna waya wa umeme wala bomba nyuma yake. Cha pili ni ulimi wa ubavu, yaani ncha yake iliyochongwa kuingia kwenye tundu la nguzo, unaocheza humo ndani, na huo nitaueleza kwenye dalili ya kutikisika.

Kama chini ya ngazi pamefungwa kwa dari na huwezi kufika, unaweza kufunga skurubu kutoka juu, kupitia kipandio hadi kwenye ukingo wa ubao wa wima ulio chini ya pua, kisha ukaziba vichwa kwa vizibo vya mbao ile ile. Pima kwanza unene wa ubao wa wima. Ukiwa ni plaiwudi ya milimita 9, skurubu itaipasua na hutapata chochote. Katika hali hiyo ni bora kukata sehemu ya dari kuliko kutoboa vipandio kumi bure. Poda ya talki ikipulizwa kwenye kiungo hunyamazisha kelele kwa muda, na inafaa ukiwa na wageni wiki hii. Povu la kuziba linalovimba usilitie kamwe: halibebi uzito, na atakayekuja kurekebisha baadaye atalikwangua kwa siku nzima.

Dalili: watu wanajikwaa, hasa konani au kwenye kipandio cha kwanza na cha mwisho

Naomba usiipuuze dalili hii hata kama ngazi ni nzuri na haitoi sauti. Mguu hujifunza kimo cha ngazi, yaani urefu wa wima kutoka kipandio hadi kipandio, katika hatua mbili za kwanza, halafu unaacha kufikiri. Kimo kikibadilika njiani, mtu anaanguka.

Chanzo kinachoongoza ni sakafu iliyomaliziwa baada ya ngazi kupimwa. Chukua mfano. Kutoka sakafu hadi sakafu kuna milimita 2,660, na ngazi ina vimo 14, hivyo kila kimo ni milimita 190. Kisha chini pakawekwa vigae vyenye unene wa milimita 15 pamoja na saruji yake. Kimo cha kwanza sasa ni 175 huku vingine vyote ni 190. Ikiwa juu nako kumewekwa sakafu ya mbao ya milimita 20, kimo cha mwisho kimekuwa 210. Tofauti ya milimita 35 kati ya kimo cha kwanza na cha mwisho inatosha kumvunja mzee mguu. Kanuni za ujenzi za nyumba za Marekani huruhusu tofauti isiyozidi milimita 9.5 kati ya kimo kirefu na kifupi kwenye ngazi moja. Mimi nikipata zaidi ya 5 naanza kutafuta sababu.

Kupima ni rahisi. Laza ubao ulionyooka juu ya kipandio, uuweke sawa kwa pimamaji, upime wima hadi kipandio cha chini yake. Andika vimo vyote kwa mpangilio. Vikitofautiana vya kwanza na vya mwisho tu, kosa ni la sakafu. Vikiyumba katikati, kosa ni la uchoraji wa mbavu, na aghalabu linaanzia pale ubavu unapoingia kwenye nguzo, kwa kuwa fundi alihamisha vipimo kutoka ubavu wa chini kwenda wa juu bila kuvipigia mstari kwenye nguzo yenyewe.

Kuhusu tiba, niseme ukweli. Kama sakafu za chini na juu zimeinuliwa kwa unene ule ule, funika vipandio vyote kwa mbao za unene huo na vimo vyote vitarudi kuwa sawa. Kama ni sakafu moja tu iliyoinuka, kufunika vipandio vyote husogeza kosa kutoka chini kwenda juu, halitoki. Kuligawanya kidogo kidogo kwenye kila kipandio kunaonekana vizuri kwenye karatasi, ila kunahitaji vifuniko vya milimita 1 au 2 ambavyo havishiki. Chaguo halisi ni kubomoa umaliziaji wa sakafu karibu na ngazi na kuushusha, au kutengeneza ngazi upya.

Chanzo cha pili kiko konani: upana wa kukanyaga, yaani kutoka pua hadi pua, haulingani na wa vipandio vilivyonyooka. Huu haupimwi ukutani wala kwenye nguzo bali kwenye mstari wa kutembea, pale mguu unapopita kweli. Uingereza hupima katikati ya ngazi ikiwa upana wake ni chini ya mita 1; Marekani hupima milimita 305 kutoka upande mwembamba. Tuseme ngazi ina upana wa milimita 900 na mistari ya vipandio vyote vya kona inakutana kwenye nukta moja ya nguzo. Katikati, yaani milimita 450, kila kipandio cha nyuzi 30 kinapata takriban milimita 236. Vilivyonyooka vikiwa na 250, mguu hauoni tofauti sana. Lakini fundi akibana vipandio vinne ndani ya nyuzi 90 ili apate kimo cha ziada, kila kimoja kinabaki na milimita 177, na hapo kisigino kinaning'inia hewani kila mtu anaposhuka.

Angalia pia upande mwembamba. Mistari ikikutana kwenye nukta moja, kipandio kinaishia karibu na sifuri. Uingereza hutaka angalau milimita 50 upande huo, Marekani 152. Ukubwa wa tofauti hiyo ukuambie kwamba lazima usome kanuni za mahali unapojenga kabla ya kukata ubao wa kwanza. Seremala wenye uzoefu hawaachi mistari ikutane hapo. Huisogeza, na hata vipandio viwili vya mwisho kabla ya kona huvipa mwinamo kidogo ili mguu uzoee mzunguko taratibu.

Kwa ngazi iliyokwisha kujengwa, kosa hili halitibiwi kwa msasa wala kwa kurefusha pua. Pua ndefu huongeza mahali pa kunasa vidole mtu anapopanda. Weka reli upande wa ukuta ili watu watembee upande mpana, ongeza mwanga, kisha panga kuijenga kona upya. Na safari hiyo chora kona yote kwa ukubwa wake halisi juu ya plaiwudi sakafuni, usimame juu ya mchoro, utembee. Mchoro wa siku moja nimeuona ukiokoa mbao za mwezi.

Dalili: mapengo yamefunguka konani miezi michache baada ya kazi kwisha

Hapa mkosaji wa kwanza ni mbao mbichi. Mbao hainyauki kwa kiasi cha kusumbua kwa urefu wake; hunyauka kwa upana. Na kipandio cha kona ni kipana mno. Kwenye ngazi ile ile ya milimita 900, kipandio cha kwanza cha kona kinafikia takriban milimita 520 pale ukutani. Mbao nyingi zilizopasuliwa kwa kawaida hupoteza karibu asilimia 0.3 ya upana kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayotoka. Ubao uliofungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 17 ukakaukia ndani ya nyumba hadi 12 utapungua karibu milimita 8 upande wa ukuta, ilhali upande wa nguzo, hata ukiwa na milimita 60, hautapungua hata milimita 1. Kipandio hakipungui tu basi, kinajipinda kuzunguka nguzo. Ndiyo sababu pengo la kona lina umbo la kabari, na hilo ndilo la kuangalia. Pengo lenye umbo la kabari linalopanuka kuelekea ukutani ni unyevu. Pengo la unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho ni kiungo kilichotoka mahali pake, na hapo unarudi kwenye nguzo.

Pima unyevu wa kipandio kwa chini, na wa mbao nyingine iliyokaa ndani ya nyumba hiyo zaidi ya mwaka. Vipimo vikikaribiana, mbao imeshatulia na unaweza kurekebisha. Kama bado viko mbali, subiri. Ukiziba leo, msimu ujao utaziba tena, au mbao ikivimba itasukuma kizibo na kupasua kiungo kizuri. Zikitulia, ziba pengo kwa kipande chembamba cha mbao ile ile kilichochongwa kwa randa kufuata umbo la kabari, kigundishwe upande mmoja tu ili upande wa pili uwe huru kusogea. Mimi mwenyewe niliwahi kugundisha pande zote mbili kwenye kipandio cha tiara, na mwaka haukwisha kabla ubao haujapasuka katikati.

Kama bado hujajenga: vipandio vya kona viunganishwe kwa mbao nyembamba kadhaa zilizogundishwa badala ya ubao mmoja mpana, nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele, na mbao zikae ndani ya nyumba hiyo kwa wiki kadhaa zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti.

Dalili: nguzo au reli inatikisika

Shika nguzo kwa mikono miwili, uisukume kushoto, kulia, mbele na nyuma, huku mwenzako akiangalia mguu wa nguzo kwa tochi. Mguu ukisogea, nguzo haijafungwa kwenye boriti. Imesimama juu ya mbao za sakafu kwa skurubu za pembeni. Fungua sakafu, ongeza mbao nzito kati ya boriti, kisha funga nguzo hapo kwa bolti. Mguu ukiwa imara na mbavu zikacheza, tatizo ni ulimi.

Ulimi wa ubavu ndani ya nguzo unapaswa kuvutwa na kigingi. Tundu la kigingi kwenye ulimi hutobolewa karibu zaidi na bega, yaani pale ulimi unapoanzia, kwa milimita 1.5 hadi 2 kuliko tundu la nguzo, ili kigingi kikigongwa kivute kiungo kifunge. Kigingi kilichonyauka ng'oa, weka kipya cha mbao ngumu kavu. Ulimi wenyewe ukiwa umevunjika au mwembamba kupita kiasi, simama hapo. Kuutoa ubavu kwenye nguzo huku vipandio vikiwa vimebebwa nao ni kazi ya seremala mzoefu mwenye nguzo za kuegemeza ngazi.

Ikiwa ni reli pekee, kaza bolti yake ya ndani, kisha pima fito zake: mpira wa milimita 100 usipite kati yake. Na reli inayocheza juu ya uwazi wa ghorofa, ifungie njia kwa watoto leo hii, usisubiri mwisho wa wiki.

Dalili: kipandio kimepasuka

Mpasuko unaofuata nyuzi, ulio kwenye kiungo cha gundi, unafunguliwa, unasafishwa, unagundishwa tena kwa jiriwa. Ule unaokata nyuzi karibu na ncha nyembamba ni mwingine kabisa. Pale nyuzi ni fupi, hazina nguvu, na gundi haitazirudishia. Kibadilishe kipandio chote. Kabla hujakipiga msasa, jua umri wa rangi: rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Usiipige msasa mkavu. Mtafute mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Dalili: ngazi haikai mahali pake siku ya kufunga

Karibu kila mara ukuta ndio hauko pembe mraba. Pima milimita 600 upande mmoja wa pembe na 800 upande wa pili, utie alama. Mshazari kati ya alama hizo mbili uwe 1,000. Ukipungua au kuzidi, pembe si nyuzi 90. Ubavu uliokatwa kwa mraba utagusa ukuta ncha moja na kuacha pengo ncha nyingine. Chora umbo la ukuta kwenye ubavu kwa penseli na kipande cha mbao, kisha randa hadi ukae. Usiulazimishe kwa skurubu, maana utaupotosha ubavu na kuivuta nguzo kutoka kwenye timazi, na dalili zote za hapo juu zitakuja moja baada ya nyingine.

Pima pia nafasi ya kichwa ukiwa umesimama kwenye kipandio cha tiara, sio cha kwanza. Pungufu ya milimita 2,000 kutoka mstari wa pua hadi dari ina maana uwazi wa sakafu ya juu ni mfupi. Usikate boriti ili kuurefusha. Boriti zinazozunguka uwazi zinabeba sakafu nzima, na anayepaswa kuamua ni mhandisi wa majengo.

Dalili: ngazi imeshuka, au kuna unga na matundu madogo

Matundu ya mduara yenye unga mpya chini yake ni bungua walio hai. Choma mbao kwa bisibisi: ikiingia bila kukazana, usipande tena, mwite mtaalamu wa wadudu kabla ya seremala.

Na ukiona ubavu una ufa unaokata nyuzi, au nguzo imeshuka na kuacha mstari mpya wa rangi kwenye ukuta, au vipandio vya kona vyote vitatu vinainama upande mmoja, usitafute gundi wala kabari. Funga njia juu na chini. Egemeza ubavu kwa mbao imara kutoka sakafu ngumu chini ya kiungo cha nguzo, pasipo kuuinua hata milimita 1, kwa sababu kuuinua kunaweza kung'oa ulimi uliobaki. Kisha ngoja mhandisi aione ngazi ikiwa vile vile ulivyoikuta.